Orodha za Mafuriko: Tukubaliane Kwanza Nani Anashika Kalamu

Masika yanakaribia, na kama ilivyo ada yetu watu wa Tana, maji hayajafika lakini orodha zimeshaanza kuzunguka. Nani anakaa bondeni, nani ana watoto wangapi, nani ahamishwe kwanza, nani apewe turubai. Wiki hii peke yake nimetumiwa orodha tatu kwenye WhatsApp, zote za kata moja, zote zimeandikwa "ya mwisho", na hakuna mbili zinazolingana. Ndipo nikaona jambo ambalo nimekuwa nikilisema barazani leo niliandike: orodha hizi tuziweke mahali pamoja, kwenye hati moja ambayo watu wengi wanaiona na kuiandika kwa wakati mmoja. Na kabla ya kufanya hivyo, tukubaliane nani anashika kalamu.

Wasomaji wengi mnajua ninachokizungumzia. Ni zile programu za ofisi za mtandaoni, kama Google Docs na Google Sheets au Microsoft 365. Badala ya faili kukaa ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, linakaa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, ndiyo hilo wanaloliita wingu, na kila aliyepewa ruhusa analifungua kwa simu yake. Akiandika aliyeko Garsen, aliyeko Hola anaona herufi zikiingia. Jambo lenyewe si geni duniani. Google walinunua programu iliyoitwa Writely mwaka 2006 na kutoka hapo wakajenga Google Docs. Kwetu limeingia polepole, likifuata simu janja, na mimi nalisema kwa niliyoyaona: lililolisukuma zaidi huku deltani ni mafuriko.

Mgeni anaweza kuuliza, orodha ina uzito gani hata iandikiwe makala? Aje akae Garsen siku lori la msaada linaposhusha mizigo. Delta hii inakaliwa na Wapokomo wakulima, Waorma na Wawardei wafugaji, Wagiriama, Wabajuni na Waswahili wa Kipini, na wengineo. Jina la mtu lisiposomwa, swali lake la kwanza huwa aliyeandika ni wa upande gani. Hatujasahau mwaka 2012 na mapema 2013, ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa hapa hapa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Chanzo kilikuwa malisho, maji na ardhi, na siasa ikaongeza kuni. Lakini sote tulioishi siku zile tunajua uvumi ulivyokuwa ukifika kijijini kabla ya ukweli. Mahali kama hapa, jina lililokosekana kwenye karatasi linaweza kuamsha mambo makubwa kuliko karatasi yenyewe.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Nino zilipoufurisha mto, niliombwa niwe karani wa kamati ya mafuriko ya kijiji kimoja kando ya mto. Jina la kijiji naliacha kwa heshima ya wenyewe. Kamati ilikuwa na watu tisa: mzee wa kijiji, imamu, mchungaji wa kanisa, walimu wawili, mwakilishi wa wafugaji, akina mama wawili na mimi. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha kaya zilizohama na kuipeleka orodha kwa wanaoleta misaada.

Mwanzo tulifanya kama kila mtu anavyofanya. Mwalimu aliandika faili la Excel, akalituma kwenye kundi la WhatsApp. Imamu akaongeza kaya zilizokuwa msikitini, akalirudisha. Mwakilishi wa wafugaji, ambaye hakuwa ameliona la imamu, akaongeza zake kwenye lile la kwanza. Siku ya nne tulikuwa na mafaili sita, na kaya moja ilikuwa imeandikwa mara tatu huku jirani yake haimo kabisa. Kukutana tukae tulinganishe ilikuwa haiwezekani. Barabara ya Minjila kwenda Lamu ilikuwa imekatika upande wa Gamba na Lango la Simba, na daraja la Mbogolo kule Kilifi nalo liliharibiwa na maji, kwa hivyo hata aliyeenda Mombasa alikwama. Wanakamati wenyewe walitawanyika: wengine kambini juu, wengine Garsen mjini, mimi Malindi.

Aliyetuokoa ni binti mmoja aliyekuwa amemaliza chuo cha kiufundi. Alifungua jedwali moja kwenye Google Sheets, akahamisha majina yote, akafuta yaliyojirudia, kisha akatutumia linki. Kaya zikawa 214. Kuanzia siku hiyo kila mmoja aliandika kutoka alipo. Mama wa kamati aliyekuwa kambini aliandika mtoto aliyezaliwa usiku, na asubuhi mimi Malindi nikaona kaya ile imeongezeka mtu. Nakiri nilifurahi. Nikasema hili ndilo dawa.

Siku ya tisa, alfajiri, kundi la WhatsApp likawaka moto. Jedwali lilikuwa na kaya 193. Kaya 21 zimetoweka, na zote ni za wafugaji, kwa sababu orodha ilipangwa kwa kambi na wao walikuwa wamefuatana. Ujumbe wa sauti wa kwanza ulikuwa na neno moja: "Tumefutwa." Kufikia saa nne asubuhi vijana walikuwa wamekusanyika sehemu mbili tofauti, kila upande na maneno yake. Mzee wa kijiji alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, hii kitu yenu ya simu italeta damu."

Binti yule hakubishana na mtu. Alifungua laptopu, akaenda kwenye historia ya matoleo, yaani ile kumbukumbu ambayo programu hizi huihifadhi zenyewe: nani alibadilisha, lini, na jinsi hati ilivyokuwa kabla ya hapo. Akapiga picha ya kile alichokiona akaituma kundini. Kaya 21 zilifutwa saa tano na dakika arobaini usiku, na jina lililoandikwa pale lilikuwa langu.

Nilikuwa nimelala na simu mkononi. Baada ya Isha nilikaa nikichagua mistari ya kambi ile ili niihesabu, usingizi ukanichukua, kidole kikabonyeza pasipofaa. Hakukuwa na Mpokomo wala Muorma aliyemfuta mwenzake. Alikuwa ni karani mwenyewe. Niliomba radhi kwa sauti, kwa lugha mbili, na nikamwomba imamu na mchungaji waliseme kila mmoja kwa watu wake. Binti alirudisha toleo la jioni iliyotangulia kwa dakika moja. Kurudisha huko nako kulituondolea kaya tatu zilizoongezwa alfajiri, kwa sababu ukirudisha toleo la zamani unarudi na hali yake yote, tukaziandika upya. Kufikia adhuhuri vijana walikuwa wametawanyika.

Nimekaa nikilifikiri tukio lile mara nyingi. Kama tungekuwa bado na mafaili ya Excel ya kutumiana, kaya zile zingepotea vilevile, kwa sababu vidole ni vilevile na usingizi ni uleule. Tofauti ni kwamba hakuna ambaye angeweza kusema zimepotea lini na mkononi mwa nani, na kila upande ungejaza jibu kwa chuki yake. Kilichotuokoa ni ushahidi, na ushahidi ule ulikuwa na nguvu kwa sababu mwakilishi wa wafugaji naye alikuwa na ruhusa ya kuuona kwa macho yake. Hakulazimika kumwamini binti wala mimi.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kulidharau jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni. Inataka mwandishi aandike kwa uadilifu, inataka mashahidi, inatukataza kuchoka kuandika liwe deni dogo au kubwa, na inakataza mwandishi na shahidi kudhuriwa. Haki ya mjane aliyehamishwa na maji ni deni juu yetu. Na wazee wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jedwali la mtandaoni ni daftari, na historia yake ni shahidi. Lakini daftari hili lina kasoro zake, na kuna mambo manne ambayo nimeona yakiharibu kazi njema.

La kwanza ni linki iliyo wazi. Programu hizi zina daraja tatu za ruhusa: kutazama tu, kutoa maoni, na kuandika. Watu wetu kwa haraka huchagua ile ya kila mwenye linki kuandika, kisha linki inarushwa kundini, na kutoka kundini inafika Nairobi. Anayeingia bila akaunti yake Google humpa jina la mnyama asiyejulikana. Tulicheka siku tulipoona kiboko ameingia kwenye orodha yetu, tukasema hata wa mtoni wanataka mablanketi. Kicheko kiliisha tulipotambua kwamba kiboko yule angeweza kufuta majina na shahidi wetu asingejua ni nani. Waswahili wana methali mbili hapa, na zote ni kweli: penye wengi hapaharibiki neno, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Zinapatanishwa kwa ruhusa. Waandishi wawe wachache wanaojulikana kwa majina, mmoja au wawili kutoka kila upande, na wengine wote watazame. Na hapa kuna jambo la kuzingatia: historia ya mabadiliko huonekana na wale wenye ruhusa ya kuandika tu. Kwa hivyo jamii isiyo na mwandishi wake ndani ya hati, haina shahidi.

La pili ni siri za watu. Jedwali letu lilikuwa na nambari za vitambulisho, nambari za simu, majina ya watoto, hata ugonjwa wa mtu. Vyote hivyo vilikuwa vinaelea kwenye linki moja. Nambari ya kitambulisho na ya simu zikikutana mikononi mwa tapeli, aliyepoteza nyumba kwa maji atapoteza na senti zilizo kwenye M-Pesa. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data ambayo haiachi kamati ndogo eti kwa sababu ni ndogo. Upande wa pili, Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Watu hudhani haki hizi mbili zinagombana, lakini zinagawana kazi. Tengeneza majedwali mawili. La wazi liwe na jina la mkuu wa kaya, kambi na idadi ya watu, na kila mtu alitazame. La ndani liwe na vitambulisho na simu, lifunguliwe na wawili watatu tu.

La tatu ni mwenye mali. Hati ya mtandaoni ina mmiliki, na mmiliki ni yule ambaye akaunti yake ndiyo iliyoifungua. Binti yetu alipata kazi Mombasa, akapoteza simu, akasahau nenosiri. Hati ya kijiji kizima ikabaki kwenye akaunti ya msichana mmoja ambaye hana kosa lolote. Tulipona kwa sababu sisi wengine tulikuwa na ruhusa ya kuandika, tukatoa nakala. Kamati ifungue akaunti yake yenyewe, nenosiri liwe kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na nambari ya kuirejesha akaunti iwe ya mtu asiyehamahama. Tukumbuke pia kwamba nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15, na humo mna barua pepe na picha zako pia, na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Kamati zetu hulala mvua zikiisha. Akaunti isilale nazo.

La nne ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Afrika Mashariki yote. Hizo ndizo siku ambazo Tana ilikuwa imefurika tena. Tusijidanganye kwamba wingu liko karibu nasi. Liko mwisho wa waya mrefu. Programu hizi zinaweza kufanya kazi bila mtandao, ukiiwekea hati alama hiyo mapema kwenye simu, kisha zikaoanisha mabadiliko mtandao ukirudi. Lakini watu wawili wakiandika kisanduku kimoja kila mmoja akiwa hana mtandao, andiko la mmoja litafunikwa. Ndiyo maana inafaa kila mwandishi apewe kambi yake na asiguse ya mwenziwe.

Najua atakayenijibu kwamba daftari la karatasi linatosha, tuachane na mambo ya mawingu. Namheshimu, na nusu ya maneno yake nayakubali. Karatasi haihitaji bando wala chaji. Ila karatasi hukaa kwa mtu mmoja, na yule mtu ndiye huwa mfalme wa msaada. Karatasi ikibadilishwa ukurasa, ukurasa wa zamani hauonekani tena. Na mafuriko hayachagui, nimeona daftari la kamati likianikwa juani kama samaki, wino wote umekwenda. Jibu ni kutumia vyote viwili. Kila Ijumaa jedwali la wazi lichapishwe, karatasi moja ibandikwe msikitini, moja kanisani, moja kwa chifu na moja kambini, zikiwa na tarehe juu. Asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu wake.

Ilikuwa kwenye karatasi kama hiyo, ukutani, ambapo bibi mmoja wa makamo ya mama yangu alinishika mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitabu chenu cha mawinguni, mimi kinanijua?" Tukatafuta pamoja. Jina lake lilikuwemo, lakini limeandikwa kaya ya watu wawili naye ana wajukuu watano. Wote tisa tulikuwa tumeiona orodha ile kila siku kwa wiki mbili, na hakuna aliyelijua kosa hilo ila yeye. Nikarekebisha kwa simu mbele ya macho yake. Binti aliyekuwa na jedwali wazi Garsen aliona mbili ikigeuka sita, akanipigia kuuliza kama ni usingizi tena. Nikampa mama simu wazungumze.

Kwa hivyo nasema na wanaohusika, na wakati upo kabla mto haujapanda. Kamati za vijiji, machifu, mawakili wa wadi, misikiti na makanisa: chagueni waandishi sasa, wa kila upande, na majina yao yatangazwe. Fungueni akaunti ya kamati. Wafundisheni waandishi hao mambo mawili tu, kuisoma historia ya mabadiliko na kurudisha toleo la zamani. Ni kazi ya alasiri moja, na vijana wetu wa saiba wanaiweza. Ofisi za kaunti nazo zisituletee orodha zao zikiwa PDF siku ya mwisho, wakati hakuna tena wa kusahihisha. Watupe ruhusa ya kutazama mapema, tukiona kosa tuseme. Hayo hayo yafanywe kwenye orodha za basari, ambazo nazo kila mwaka huacha manung'uniko.

Zile orodha tatu za wiki hii nimewarudishia walionitumia, na nimewauliza swali moja tu: ipi ndiyo yenyewe, na nani aliiandika? Mpaka naandika haya, mmoja amenijibu. Amesema aliitumiwa.